Mishiri ya Mlimani na Vita vya Heathrow

Mwaka 1933 serikali ya kikoloni ililegeza kamba kidogo. Waafrika wa Kenya walikuwa wamezuiwa kwa miaka mingi kupanda kahawa, zao lililotengewa walowezi. Sasa wakulima wachache wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kulijaribu, chini ya macho makali ya maafisa wa kilimo. Wilaya hizo zilichaguliwa kwa kuwa zilikuwa mbali na mashamba makubwa ya Wazungu, ili mibuni ya Mwafrika isipakane na ya mlowezi. Hivyo ndivyo miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya ilivyofungamanishwa na soko la ng'ambo. Tangu hapo karo, mabati na ng'ombe wa gredi wa Nkubu, Runyenjes na Manyatta vimetegemea bei zinazopangwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga udongo ule mwekundu.

Kahawa ilitawala kwa zaidi ya nusu karne. Ilijenga nyumba za mawe, ikasomesha walimu na madaktari, ikavipa vyama vya ushirika nguvu ya kuamua nani awe mbunge. Kisha Julai 1989 ukavunjika ule Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliokuwa ukiigawia kila nchi kiwango chake cha kuuza ili bei isianguke. Bei ikaporomoka. Mkulima alipeleka matunda kiwandani, akasubiri malipo hadi mwaka uliofuata, na yalipofika yalikuwa yameshakatwa deni la mbolea, deni la dawa na hasara za usimamizi mbaya. Sheria ilimkataza kung'oa mibuni. Wengi waliiacha isimame bila kupogolewa, wakapanda mahindi na maharagwe katikati ya mistari.

Mishiri iliingia kwa mwanya huo. Vitabuni huitwa maharagwe ya Kifaransa, lakini shambani ni mishiri tu. Hupandwa, na baada ya siku 45 hadi 50 huanza kuchumwa, mara mbili au tatu kwa juma, kwa majuma kadhaa. Robo ekari yenye maji ya mfereji au ya bomba inatosha kuanzia. Malipo hayangoji mwaka mzima. Mtafiti Catherine Dolan, aliyefanya utafiti Meru katika miaka ya 1990, aliandika jinsi zao hili lilivyoanza mikononi mwa wanawake, kwenye vipande vile vya shamba ambavyo kwa desturi ni vya mama kupandia mboga za nyumbani. Lilipoanza kulipa, waume walidai ama kipande ama pesa. Ugomvi wa ndani ya nyumba nyingi za Imenti, huko Meru, miaka ile ulikuwa ugomvi wa mishiri.

Ni zao lenye masharti magumu. Huchumwa asubuhi kabla jua halijakolea, kwa kukata kikonyo bila kulichubua ganda. Huchaguliwa kibandani, juu ya meza, ganda kwa ganda: jembamba lisilozidi milimita 6 ni daraja la kwanza, nono kidogo ni la pili, lililopinda au lenye doa hutupwa upande. Kibanda chenyewe mara nyingi kina chumba cha kupozea ambacho kuta zake ni wavu wa waya uliojazwa makaa, na makaa hayo humwagiwa maji ili upepo upitao utoke baridi. Hakuna umeme hapo. Lori la mnunuzi hufika alasiri, huhesabu kreti, huandika kilo kwenye kitabu, na yaliyokataliwa hurudi nyumbani kulishwa ng'ombe. Usiku mzigo uko uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kesho yake uko Uingereza.

Biashara hii isingekuwapo bila ndege. Uwanja wa Embakasi ulifunguliwa mwaka 1958, na mwaka 1967 serikali ya Kenya huru ikaunda Mamlaka ya Ustawi wa Mazao ya Bustani. Ndege kubwa za abiria zilipoanza kuleta watalii, zilihitaji kitu cha kujaza matumbo yake wakati wa kurudi, na mboga zikapata nauli nafuu. Hadi leo sehemu kubwa ya mboga za Afrika ziendazo Uingereza kwa ndege husafiri chini ya miguu ya abiria. Kwa hiyo hatima ya mishiri ya Mitunguu na ya Embu ilifungwa kwenye uwanja mmoja ulioko magharibi mwa London, nao ni Heathrow. Uwanja huo una historia yake ya machungu.

Ulianza kwa kunyang'anya. Mwaka 1944, vita vikiendelea, serikali ya Uingereza ilitumia mamlaka ya dharura kuchukua kijiji cha Heath Row na mashamba yake ya mboga, baadhi ya udongo mzuri kuliko wote kandokando ya London, kwa maelezo kwamba jeshi la anga linahitaji uwanja. Harold Balfour, aliyekuwa naibu waziri katika wizara ya anga, baadaye alikiri katika kumbukumbu zake kwamba tangu mwanzo lengo lake lilikuwa uwanja wa kiraia, na kwamba hoja ya vita ilitumika kukwepa uchunguzi wa umma. Mwaka 1946 ukafunguliwa kwa ndege za kiraia. Wakulima wa mboga wa Middlesex walihamishwa ili, miaka mingi baadaye, mboga za Meru zipate pa kutua. Watu wa Mbeere, nyanda za chini za Embu, wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Mabwawa ya umeme ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, yalimeza mashamba ya familia nyingi kwa jina la taifa, na miongo mingi baadaye kuna vijiji vilivyo karibu na nyaya kubwa za umeme ambavyo taa zilichelewa mno kuvifikia.

Miaka ilivyopita uwanja ulizidi kutanuka, na upinzani ukazidi. Mwanzoni ulikuwa upinzani wa kelele. Uchunguzi wa umma kuhusu jengo la tano la abiria ulichukua zaidi ya siku 500 za vikao kati ya 1995 na 1999, mrefu kuliko wowote katika historia ya mipango ya ardhi ya nchi hiyo. Jengo liliidhinishwa mwaka 2001 kwa sharti kwamba ndege zisizidi safari 480,000 kwa mwaka. Haikupita muda, Desemba 2003, serikali ya chama cha Labour ikachapisha sera ya usafiri wa anga iliyounga mkono barabara ya tatu ya kurukia ndege. Kijiji cha Sipson, chenye nyumba zipatazo 700, kilikuwa kiondoke.

Hapo hoja ilibadilika sura. Wakazi wenye kulalamikia kelele walijiunga na vijana wenye kulalamikia hali ya hewa ya dunia nzima. Agosti 2007 wanaharakati walipiga kambi karibu na Sipson kwa juma zima. Februari 2008 watano wakapanda juu ya paa la bunge la Uingereza na kutandaza mabango. Mei mwaka huo maelfu walikusanyika Sipson wakaandika neno la kukataa kwa miili yao. Tarehe 15 Januari 2009 Waziri wa Uchukuzi, Geoff Hoon, alipotangaza kwamba serikali imeidhinisha barabara ya tatu bila kura ya wabunge, mbunge wa eneo hilo kutoka chama hicho hicho cha serikali, John McDonnell, alinyanyuka, akaishika siwa na kuiweka kwenye kiti. Akafukuzwa bungeni kwa siku tano. Juma hilo hilo shirika la Greenpeace lilitangaza kwamba limenunua kipande cha ardhi katikati ya njia iliyopangwa, kwa ushirikiano na mwigizaji Emma Thompson na mwanasiasa Zac Goldsmith miongoni mwa wengine, na likawaalika watu wa dunia nzima wajiandikishe kuwa na sehemu yake ili serikali ihangaike na maelfu ya majina.

Mkenya yeyote aliyeishi miaka ya 1990 anaitambua mbinu hiyo kwa moyo. Wangari Maathai alikuwa ameshazuia jengo refu la chama tawala katika bustani ya Uhuru Park mwaka 1989, kisha akaupigania msitu wa Karura hadi akapigwa na wahuni Januari 1999. Mwaka huo huo Shirika la Wanyamapori la Kenya liliruka kwa ndege juu ya Mlima Kenya na misitu ya Imenti na Ngare Ndare, na ripoti yake ilionyesha uharibifu ambao wengi wetu tunaokaa chini ya mlima hatukutaka kuuamini: mikamfori iliyokatwa kwa maelfu, tanuri za makaa, mashamba ya bangi katikati ya msitu, na msitu wa Imenti ya Chini karibu ukiwa umekwisha. Mwaka 2000 usimamizi wa msitu wa mlima ukahamishiwa kwa shirika hilo la wanyamapori. Uchunguzi wa pili, uliotolewa mwaka 2003, ulionyesha kwamba ukataji ulikuwa umepungua sana. Upinzani kwa jina la mazingira, basi, haukuwa kitu kigeni kwetu. Ulikuwa umetuokolea mito.

Ndiyo maana lilileta uchungu wa pekee jambo lililotokea mwaka 2007. Uingereza ilikuwa na neno lililokuwa likizungumzwa sana tangu Profesa Tim Lang alipoanza kulitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990: maili za chakula, yaani umbali ambao chakula husafiri kabla ya kufika mezani. Mwaka huo maduka makubwa ya Tesco na Marks & Spencer yalianza kubandika picha ndogo ya ndege kwenye pakiti za bidhaa zilizosafirishwa kwa anga. Shirika la Soil Association, linalotoa cheti cha kilimo hai kwa sehemu kubwa ya soko la Uingereza, likatangaza kwamba linafikiria kuvinyima cheti vyakula vyote vya ndege. Mishiri ikawa mfano uliotajwa kila kona. Ilikuwa rahisi kuitaja. Ni nyembamba, ni kijani, inatoka mbali, na mtu anayeiacha dukani hapotezi chochote.

Kuacha safari ya likizo ya kwenda Hispania kulikuwa jambo zito zaidi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wapinzani wa Heathrow ambao katika mengine nawaheshimu. Taasisi ya IIED ya London, inayotafiti mazingira na maendeleo, ilikadiria mwaka 2006 kwamba mboga na matunda yote yanayosafirishwa kwa ndege kutoka Afrika kusini mwa Sahara hayafikii hata asilimia 0.1 ya gesi chafu ya Uingereza, na kwamba zaidi ya watu milioni moja vijijini Afrika waliishi kwa biashara hiyo. Wakati huo Mwingereza mmoja alitoa wastani wa tani tisa hivi za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mkenya hakufikia nusu tani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield uliotolewa mwaka huo huo wa 2007 ulilinganisha maua ya waridi ya Kenya na ya Uholanzi: waridi 12,000 za Kenya, pamoja na ndege yake, zilitoa kilo 2,200 za kaboni dioksidi, na za Uholanzi, zilizokuzwa ndani ya vivungulio vinavyopashwa joto kwa gesi, zilitoa kilo 35,000. Jua la ikweta halina bili. Utafiti huo uliagizwa na kampuni inayouza maua, na ni haki msomaji ajue hivyo, lakini sababu yake haina utata kwa mtu aliyewahi kuona kivungulio cha Ulaya kikiwaka taa usiku wa Januari.

Balozi wa Kenya jijini London wakati huo, Joseph Muchemi, alilizungumzia jambo hili hadharani mara nyingi, akiwaambia Waingereza kwamba wanataka kumwadhibu mtu asiye na hatia. Oktoba 2007 Soil Association ikarudi nyuma nusu hatua: vyakula vya ndege vingeendelea kupata cheti mradi vitimize masharti ya biashara ya haki. Wakulima wengi wa mishiri wa Meru na Embu hawakuwa na cheti cha kilimo hai, na kanuni hiyo yenyewe isingewagusa moja kwa moja. Kilichowatisha wauzaji ni ile picha ndogo ya ndege kwenye pakiti. Ilikuwa na maana kwamba mnunuzi wa mwisho amefundishwa kuliona jasho la mtu wa Imenti kama dhambi.

Na wale waliotetea uwanja hawakuwa watetezi wetu. Mashirika ya ndege na wakubwa wa biashara waligundua ghafla kwamba wanawapenda wakulima maskini wa Afrika. Hoja yao ilikuwa kwamba ukizuia barabara ya tatu, unawanyang'anya Waafrika chakula. Hakuna aliyeuliza ni sehemu gani ya safari mpya ingebeba mishiri na ni sehemu gani ingebeba watu wa mikutano na likizo. Maduka hayo hayo yaliyowatumia wakulima wadogo kama ngao yalikuwa, tangu katikati ya miaka ya 2000, yakiwadai masharti ya kiwango cha Ulaya ambayo wengi hawakuyaweza: stoo ya dawa yenye kufuli, choo shambani, mahali pa kunawa mikono, kumbukumbu ya kila siku ya kunyunyizia, ukaguzi wa kulipiwa. Vikundi vingi vya mlimani vilivunjika kwa gharama hizo. Mkulima mdogo aliondolewa sokoni kimyakimya na mkono mmoja, huku akitajwa kwa sauti kubwa na mdomo wa mwili huo huo.

Majira ya masika ya mwaka 2010 yalikusanya yote. Tarehe 26 Machi Jaji Carnwath wa Mahakama Kuu ya London aliamua kwamba serikali haiwezi kuendelea na barabara ya tatu kwa kutegemea sera ya 2003 peke yake, kana kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2008 haikupitishwa kamwe. Halmashauri za mitaa na mashirika ya mazingira zilizokwenda mahakamani zilishangilia. Majuma matatu baadaye, mlima wa volkano wa Eyjafjallajökull nchini Iceland ulitema majivu, na kuanzia tarehe 15 Aprili anga la Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini likafungwa kwa siku sita hivi. Wanaharakati wengine wa London walisema hawajawahi kusikia ndege wa porini wakiimba vile.

Kwetu mboga ziliiva bila kujali. Mishiri haingoji, ikikaa shambani siku mbili zaidi inanenepa, inapata nyuzi, na hakuna anayeitaka. Vyumba vya baridi vya uwanja wa Jomo Kenyatta vilijaa, malori yakaambiwa yasije, maua yakatupwa kwa matani, vibarua kwa maelfu wakarudishwa nyumbani. Vijijini mishiri ililishwa ng'ombe na mbuzi, na iliyobaki ikapikwa, ingawa ni wachache waliokuwa na mazoea ya kuila. Deni la mbegu na la dawa lilibaki pale pale. Kwa siku sita watu wa mlimani waliionja ile dunia ambayo baadhi ya watu wa Ulaya walikuwa wakiitamani.

Mwezi uliofuata, tarehe 12 Mei, serikali mpya ya muungano wa Conservative na Liberal Democrats ikaufuta mpango wa barabara ya tatu. Ulikuwa ushindi wa kweli wa siasa ya mazingira, uliopatikana kwa miaka saba ya kuandamana, kushtaki na kushawishi wapiga kura. Nauhesabu kuwa ushindi wetu pia. Sababu iko juu ya vichwa vyetu. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote za Mlima Kenya, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na jirani yake, Gregory, imeyeyuka ikaisha. Si barafu hiyo inayojaza mito yetu, kwa kuwa Kathita, Mutonga, Thuci na Rupingazi hunywa zaidi kwenye mvua na msitu, lakini kilichoila barafu ndicho kinachovuruga mvua. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na nyanda za chini za Mbeere, Tharaka na Meru ya kaskazini zilikuwa miongoni mwa zilizoumia. Mkulima yule yule anayehitaji ndege ndiye anayeunguzwa na moshi wa ndege zote za dunia. Yuko pande zote mbili za kesi, na hajaitwa kutoa ushahidi upande wowote.

Lipo pia jambo ambalo sisi wenyewe tulilifunika wakati tukimlaumu mzungu. Dhambi kubwa ya mboga za nje kwa mazingira ya mlimani ni maji na dawa. Upande wa Timau, mashamba makubwa ya maua na mboga yalichota mito inayoshuka kuelekea Ewaso Nyiro, na wakati wa kiangazi wafugaji wa Isiolo walikuta mchanga pale walipozoea kunywesha. Malalamiko yao yalitangulia mjadala wa 2007 wa maili za chakula, na hayakupata kambi wala mwigizaji wa sinema. Sheria ya Maji ya 2002 ilileta jumuiya za watumiaji wa maji za kila mto, zenye kugawana zamu na kudai wachotaji wakubwa wajenge mabwawa ya kuhifadhi mafuriko ya mvua. Zimesaidia pale zilipopata viongozi wakali. Kuhusu dawa, ukweli ulitufikia kutoka nje: Januari 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kupima asilimia 10 ya mizigo ya mishiri na njegere kutoka Kenya baada ya kukuta masalio ya dimethoate, dawa ya kuua wadudu. Wanunuzi walikimbilia mashamba makubwa yanayoweza kuchunguzwa, na wakulima wadogo wa Meru, Embu na Kirinyaga wakaachwa na mbegu mkononi. Pigo hilo liliwaumiza zaidi ya volkano.

London haikutulia. Mpango ulirudi kupitia tume ya viwanja vya ndege ya Howard Davies, iliyoipendekeza Heathrow Julai 2015. Serikali ya Theresa May ilipoukubali Oktoba 2016, Zac Goldsmith alijiuzulu ubunge kama alivyoahidi wapiga kura wake, akagombea tena bila chama, na akashindwa na mpinzani mwingine wa uwanja huo huo. Boris Johnson alikuwa amewahi kuapa kulala mbele ya tingatinga. Siku wabunge walipopiga kura, tarehe 25 Juni 2018, yeye akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa safarini Afghanistan. Kura zilikuwa 415 dhidi ya 119. Tarehe 27 Februari 2020 Mahakama ya Rufaa iliubatilisha uamuzi kwa sababu mawaziri hawakuzingatia Mkataba wa Paris wa tabianchi. Majuma machache baadaye korona ilisimamisha ndege za abiria, Kenya ikafunga zake tarehe 25 Machi, matumbo yaliyokuwa yakibeba mboga yakatoweka, na nauli ya ndege za mizigo ikapanda mno. Desemba 16 mwaka huo Mahakama ya Juu ilitengua hukumu ya rufaa. Januari 2025 Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba serikali ya Labour inaiunga mkono barabara ya tatu. Sipson, inayoishi chini ya tishio tangu 2003, ikakabiliwa nalo upya.

Wakati huo wote, kwetu upande huu wanasiasa walikuwa wakiomba kinyume chake. Uwanja wa ndege wa Isiolo, ulioko mpakani na Meru na ambao sehemu ya barabara yake ya kurukia iko upande wa Meru, ulifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2017 kwa ahadi kwamba mboga, nyama na miraa zitaruka moja kwa moja kwenda nje. Barabara hiyo ina urefu wa kilomita 1.4 hivi. Ndege kubwa ya mizigo haiwezi kuitumia. Mishiri ya Meru inaendelea kuteremka kwa lori hadi Nairobi, na viongozi wa eneo wamekuwa wakidai barabara ya kurukia irefushwe.

Wengine wameshaiacha mishiri. Mashamba mengi yaliyokuwa ya mishiri Imenti na Embu yana miche ya maparachichi aina ya Hass, ambayo husafiri kwa meli kutoka Mombasa na haihitaji ndege hata kidogo. Mtu wa mazingira angefurahi. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yalizilazimu meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikarefuka kwa majuma, na kontena nyingine zikafika Ulaya tunda likiwa limeshalainika. Mkulima aliyefuata ushauri wa kuachana na ndege amekuta bahari nayo ina wenyewe.

Kuirefusha barabara ya Isiolo kutahitaji ardhi zaidi, na ardhi hiyo ina watu na mifugo. Kutahitaji tathmini ya mazingira, na sheria yetu ya mazingira inataka wananchi wasikilizwe kabla ya uamuzi. Swali la maji lazima liulizwe hapo kwa nguvu, kwa sababu ndege za mizigo zikishaanza kutua Isiolo, ekari nyingine nyingi za Timau na Buuri zitataka kumwagiliwa kutoka mito ile ile. Wafugaji walioko chini ya mto waketi mstari wa mbele siku hiyo, pamoja na akina mama wa vibanda vya makaa, na wazungumze kabla ya wanasiasa hawajapewa kipaza sauti.